Kinachopita mbele ya mlango wetu

Hotuba tuliyosoma Lubumbashi tarehe 20 Februari, siku ya kukumbuka wafu wa Tibwe. Tunaiweka hapa kwa wale ambao hawakufika, na kwa wale waliokuwa nyuma kabisa na hawakusikia vizuri ju ya musiki ya baa ya jirani.



Tunaomba kwanza tusimame. Dakika moja. Simu chini, tunyamaze.

Asanteni. Mukae.

Tarehe 20 Februari 2019 kamio yenye kubeba asidi ya salfuri ilikuwa kwenye barabara ya Lubumbashi kwenda Kolwezi. Ilikuwa inapeleka mzigo kwenye mgodi wa shaba na kobalti. Ilipofika Tibwe, kijiji ambacho wengi wetu tulikuwa tunakipita tu bila kuuliza jina lake, iligongana na basi yenye watu ikaanguka. Asidi ikawamwagikia abiria. Watu karibu 20 walikufa. Wengine walipona na ngozi isiyokuwa tena ngozi.

Wale watu hawakuwa wafanyakazi wa mgodi. Hawakusaini kontra. Hawakulipwa premi ya hatari. Walilipa tiketi ya basi, basi. Kuna aliyekuwa anaenda sokoni, kuna aliyekuwa anarudi kwake. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba siku ile alikuwa anasafiri bega kwa bega na tani za asidi.

Tunataka kusema juu ya jambo hilo moja leo: kwamba tunaishi kando ya kitu ambacho hakuna mtu aliyetuambia ni kitu gani.

Kwanza tuelewane kwa nini asidi inapita hapa. Tuko na wenzetu waliosoma kemia pale chuo kikuu, diploma zao ziko nyumbani ndani ya plastiki, zinangoja kazi. Tuliwaomba watueleze kama wanavyoweza kumweleza bibi. Wakasema hivi: shaba yetu nyingi na kobalti iko ndani ya jiwe ambalo haliyeyuki kwa maji. Lazima ulisage, ulimwagie asidi, shaba ishuke ndani ya ile maji ya asidi, kisha umeme uitoe, ibaki sahani nyekundu safi. Bila asidi hakuna ile sahani. Kwa hiyo migodi inataka asidi nyingi sana, kila siku, mwaka mzima. Ingine inatengenezwa hapa hapa. Pale Shituru, Likasi, walikuwa wanaitengeneza tangu wakati wa Wabelgiji. Ingine inatoka kwa viwanda vya kuyeyusha shaba vya Zambia, inaingilia Kasumbalesa. Na salfa yenyewe, ule unga wa manjano munaouona umeanguka kando ya njia, inatoka kwenye bandari za mbali, Dar es Salaam, Durban, inakuja kuchomwa huku ili iwe asidi.

Ongeza esansi na mazuti, ongeza baruti za kupasulia mawe, ongeza dawa zingine za viwandani ambazo hata majina yao yanavunja ulimi. Vyote vinapita kwenye barabara moja. Kasumbalesa, Lubumbashi, Likasi, Fungurume, Kolwezi. Barabara ile ile ambayo mtoto anavuka kwenda shule, na mama anaweka meza yake ya nyanya mita mbili kutoka kwa lami.

Munajua, dunia nzima inasema Kongo ni ya kwanza kwa kobalti. Sisi tunaongezea kidogo: kila batri ilipita kwanza mbele ya mlango wa mtu fulani, na asidi yake ilipita kabla yake.

*

Sasa tuseme juu ya maneno tunayosikia kila mara baada ya ajali. Munayajua. "Ujinga wao." "Nani aliwatuma na mabidoni?" "Watu weusi banapenda vya bure." Tumeyasikia kwenye redio, tumeyasikia kanisani, na tuseme ukweli, tumeyasikia hata kwenye magrupu yetu ya WhatsApp, kutoka kwa watu walio hapa leo.

Twende Sange, kule Kivu ya Kusini, kwenye barabara ya Uvira na Bukavu. Tarehe 2 Julai 2010. Wengi wetu tulikuwa watoto wa shule ya msingi, na tunakumbuka tarehe ile ju ya kitu kingine: ni usiku ule Ghana ilikosa penalti mbele ya Uruguay, tukalia kama tumefiwa. Jioni ile ile, kamio ya esansi ilipinduka ndani ya Sange. Esansi ikaanza kutoka. Ni kweli, watu walikuja na mabidoni, na mabeseni, na vikopo. Kisha moto ukawaka. Zaidi ya watu 200 walikufa, wakazikwa kwa pamoja ndani ya makaburi makubwa.

Lakini sikilizeni vizuri. Wengi wa wale waliokufa hawakushika bidoni. Walikuwa ndani ya nyumba zao. Walikuwa ndani ya chumba cha sinema wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto uliwafuata pale walipoketi.

Namna gani moto unaweza kumfuata mtu? Hapa ndipo ile diploma iliyo ndani ya plastiki inapata kazi. Esansi ikimwagika haibaki tu chini kama maji. Inatoa mvuke. Mvuke ule hauonekani, na ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi juu kama moshi. Unatambaa chini. Unafuata mtaro, unaingia chini ya mlango, unakaa mahali pa bonde. Ukikuta mbabula ya makala ya mama anayepika bukari, hata kama ni mbali na kamio, unawaka pale, na moto unarudi mbio mpaka kwenye kamio. Mtu wa Sange hakufundishwa hayo. Mtu wa Kartie Kenya, wa Kasapa, wa Kikula kule Likasi, nani alimfundisha? Sisi wenyewe tulikuwa hatujui mpaka tulipoanza kutayarisha hii hotuba.

Na Sange haiko peke yake. Mbuba, kule Kongo Central, kwenye barabara ya Matadi na Kinshasa, tarehe 6 Oktoba 2018: kamio ya mafuta, watu karibu 50 wamekufa. Kwa majirani zetu ni vile vile. Sachangwan, Kenya, mwaka 2009, zaidi ya 100. Morogoro, Tanzania, tarehe 10 Agosti 2019, zaidi ya 100 tena, na wengi walikuwa vijana wa pikipiki kama hawa waliosimama pale. Inchi tatu, lugha mbalimbali, kamio ile ile, bidoni ile ile. Kama ujinga ndio sababu, basi ni ujinga wa ajabu unaochagua tu watu maskini wanaoishi kando ya barabara.

Litre moja ya esansi kwa Kadafi wa kona ni pesa ya chakula cha siku. Mtu anayeona pesa ya chakula inamwagika chini na hakuna aliyemwambia hatari yake, atafanya nini? Hatusemi ni vizuri. Tutasema hapa chini kwamba asifanye vile, na tutasema kwa nguvu. Tunasema tu kwamba wa kwanza kuulizwa asiwe yeye.

*

Wiki mbili zilizopita tuligawana kazi. Wengine walienda kukaa pale makamio yanapoegesha upande wa kutoka Kasumbalesa, wengine Likasi. Tulitaka kuhesabu. Tuseme ukweli, hesabu ilitushinda ndani ya saa ya kwanza, ju makamio yanafuatana kama siafu na mengine hayana alama hata moja ya kuonyesha yamebeba nini. Kwa hiyo tukaacha kuhesabu, tukaanza kuuliza.

Tulikuta siterni moja imeegeshwa karibu kabisa na soko. Jua lilikuwa kali. Chini ya kivuli cha ile siterni, mama mmoja alikuwa amepanga ndizi zake, na mtoto mgongoni amelala. Tukamuuliza:

"Mama, munajua ndani mwiko nini?"

Akasema: "Baba, mie najua tu iko na kivuli."

Tulicheka naye kidogo, kisha hakuna aliyecheka tena.

Tukamtafuta shofere. Alikuwa Mtanzania, mtu wa makamo, mpole, anachemsha chai yake kando ya gurudumu. Kiswahili chake kizuri kama cha kitabu, chetu cha Katanga unakijua, lakini tulielewana. Tukamsalimia, tukamuuliza amebeba nini.

"Ni asidi, wadogo zangu."

"Na kibao chake kiko wapi?"

"Kilivunjika njiani. Bosi kasema kitabadilishwa nikirudi."

Tukamuuliza, ikimwagika una nini? Akatuonyesha bidoni moja ya manjano, ya litre 20. "Hayo ndiyo maji yangu. Ya kunywa, ya kupikia, na Mungu akiniona vibaya, ya kunawa." Alikuwa amelala siku nne kwenye foleni ya mpaka. Akichelewa kufika mgodini wanamkata. Kwa hiyo akitoka mpakani, usingizi anauacha nyuma, na usiku anaendesha. Hakusema vile kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayekueleza hali ya hewa.

Tuliomba samahani kwa kumsumbua, akatukaribisha chai. Yule mzee si adui yetu. Siku ile siterni itakapopinduka, yeye ndiye atakuwa karibu nayo kuliko sisi wote.

*

Sasa tuingie kwenye mambo ya kushika kichwani. Tunaomba wenye kuandika waandike, wenye kupiga picha wapige picha hii karatasi kubwa tuliyobandika hapa.

Kuna kibao cha rangi ya machungwa ambacho kamio yenye mzigo wa hatari inapaswa kubeba mbele na nyuma. Ni lugha ya dunia nzima, mwaka 1957 inchi za Ulaya ziliandika mkataba wake kule Geneva. Kibao kimegawanywa mara mbili. Namba ya juu inasema hatari ni ya aina gani. Namba ya chini, yenye tarakimu nne, ni kama jina la mzigo. Mushike mbili tu kwa leo. Juu 33, chini 1203: ni esansi, inawaka haraka sana. Juu 80, chini 1830: ni asidi ya salfuri, inakula mwili. Ukiona herufi X mbele ya namba ya juu, maana yake mzigo ule ukikutana na maji ni balaa. Makamio ya kutoka Afrika ya Kusini yana kibao kingine kikubwa zaidi, lakini ile namba ya tarakimu nne unaikuta pale vile vile, na mara nyingi namba ya simu ya kuita chini yake. Kuna pia alama za pembe nne zilizosimama kwa ncha: yenye ndimi za moto ni ya vitu vya kuwaka, yenye mkono unaoliwa na matone ni ya asidi.

Ukiona namba, ukipiga simu kwa mtu yeyote, kwa polisi, kwa hospitali, kwa redio, sema ile namba. Usiseme "kuna kamio imeanguka". Sema "kuna kamio ya 1830 imeanguka". Daktari anayejua atajua mara moja atayarishe nini.

Siterni ya esansi ikianguka: usiende. Musiende. Tunajua kesho tutakutana barabarani na kuna mtu atatuambia "lakini yaya, ilikuwa inamwagika tu". Hapana. Rudi nyuma upande ule upepo unakotoka, usishuke kwenye bonde wala mtaro, zima pikipiki yako mbali au isukume kwa mikono, usivute sigara, usipige picha. Piga kelele wamama wazime mbabula zote za jirani. Na kama siterni imeshika moto, vitabu vya wazima-moto vinasema mita 800 pande zote. Mita 800 ni mbali. Ni kama kutoka hapa tunaposimama mpaka kupita shule, kupita kanisa, na kuendelea.

Siterni ya asidi ni kitu kingine. Asidi haiwaki kama esansi, haina haraka ya kukutisha. Inaonekana kama maji mazito kidogo, kama mafuta ya kupikia. Mtoto anaweza kuikanyaga akifikiri mvua ilinyesha. Usiiguse, usiikanyage hata na viatu, usivute hewa yake. Ikimgusa mtu: vua nguo zake upesi, ju nguo inashika asidi na kuendelea kumchoma, kisha maji. Maji mengi, yanayotiririka, dakika 20 au zaidi, bila kusimama, hata kama analia, hata kama anasema inatosha. Kikombe kimoja cha maji hakisaidii, kinaongeza joto tu. Macho ni ya kwanza. Usimpake mafuta, usimpake dawa ya meno, usimpake yai, usimpake chochote ambacho jirani atakuletea kwa moyo mzuri. Na ile iliyo chini ya ardhi usiimwagie maji wewe mwenyewe. Mchanga na chokaa ni kazi ya wenye vifaa.

Sasa mujiulize pamoja nasi. Dakika 20 za maji yanayotiririka. Pale Tibwe, maji yale yangetoka wapi? Kwenye kartie zetu ambapo bomba linatoa maji usiku wa manane tu, yatatoka wapi?

*

Ndiyo sababu hatukuishia kwenye kufundishana. Mafundisho peke yake ni kumwambia mtu wa kijiji: hatari ni yetu, akili ni yako, jitegemee.

Kuna swali la nani anajibu. Baada ya ajali unaanza kufuata mnyororo. Mgodi unasema: mzigo ulikuwa bado haujafika kwetu, uliza mwenye kusafirisha. Mwenye kusafirisha anasema: kamio si yangu, niliikodi. Mwenye kamio anasema: uliza shofere. Shofere amekufa au amekimbia. Na familia iliyozika inaletewa bahasha, inaambiwa saini hapa, na mtu anayesaini hajui kusoma Kifaransa kilichoandikwa pale.

Lakini sheria haisemi vile. Kodi ya migodi iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inasema mwenye haki ya kuchimba anapaswa kutengeneza uharibifu ambao kazi zake za mgodi zimeletea watu, mali na mazingira, hata kama hakuna kosa lake. Hata bila kosa. Wanasheria wa sosiete watakuja kusema barabara si mgodi. Sisi tunauliza: asidi ile ilikuwa inaenda kufanya kazi gani, kufua nguo? Na hata tukiacha migodi, kitabu chetu cha sheria za kiraia kina kifungu cha 258, kimekaa pale tangu 1888: anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake, alipe. Si jambo jipya. Ni jambo linalongoja watu wa kulidai.

Hivi ndivyo tunavyoomba, na tumeviandika ndani ya petisyo.

Kamio yenye mzigo wa hatari isiyo na kibao isipite. Peaje ziko, pale kila kamio inasimama kulipa. Yule anayeangalia pesa anaweza kuangalia kibao. Hili halihitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Siterni zisilale sokoni. Pafunguliwe mahali pa kuegesha nje ya mji, na choo, na maji, na kivuli, ili yule mzee wa chai apumzike kama mtu. Na zisipite katikati ya mji saa watoto wanatoka shule na saa soko limejaa. Usiku vile vile si jibu, mtu aliyechoka kwenye barabara isiyo na taa. Kwa hiyo tunasema asubuhi ya mapema, kwa msafara, na gari mbele yenye maji na watu waliofundishwa. Wengine kati yetu hawakukubaliana juu ya msafara, walisema siterni kumi pamoja ni hatari kumi pamoja. Tulibishana mpaka saa nne ya usiku. Tumeliacha ndani, lakini tunapenda mujue kwamba tulibishana.

Maji. Kila kituo cha afya kilicho kando ya barabara hii kiwe na tangi la maji, na mfanyakazi anayejua kuosha mtu aliyeungua na asidi. Tangi na bomba. Wenye kuingiza asidi walipe. Ukilinganisha na bei ya kobalti ndani ya kamio moja inayotoka, ni sarafu zilizoanguka chini ya kiti.

Na mkuu wa kijiji aambiwe. Aambiwe tu! Apewe karatasi kwa Kiswahili: nini kinapita, nani mwenye mzigo, namba gani ya kupiga.

Kuna wanaotuambia jibu ni reli. Tunapenda reli. Wazee wetu walifanya kazi kwenye reli, na iliingia mji huu mwaka 1910, kabla ya babu zetu wengi. Sasa wanasema sana juu ya njia ya Lobito. Sawa, ije. Lakini Novemba 2017, karibu na Lubudi, treni yenye matangi ya mafuta ilianguka kwenye bonde, zaidi ya watu 30 wakafa, watu waliopanda juu ya mzigo. Reli mbovu ni barabara mbovu yenye chuma.

*

Tumalize na swali ambalo kijana mmoja alitupa Likasi, ju tunajua wengine hapa wako nalo moyoni. Alisema: "Ninyi munafukuza makamio. Mie nilituma dosye kwa sosiete tatu, nangoja. Mukiwachokoza, nani atatuita?"

Hatukumjibu haraka. Kila mmoja wetu ametuma dosye. Kuna kati yetu aliyesoma miaka mitano na leo anauza megabaiti chini ya parasoli. Tukiitwa kesho, tutaenda, na tutavaa kofia ya mgodi na kupiga picha na kuituma kwa mama. Hatuombi makamio yasimame. Bila asidi hakuna shaba, bila shaba hata mshahara wa mwalimu wa hapa unatetemeka. Tulimwambia tu yule kijana: shangazi yako anauza wapi? Akasema: kando ya barabara. Kisha akaomba kalamu, akasaini.

Katiba yetu, kifungu cha 27, inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka petisyo, peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Karatasi ziko kwenye ile meza, upande wa dada mwenye kilemba cha buluu. Asiyejua kuandika aweke kidole, wino uko. Mukisaini, muandike kartie yenu vizuri, isomeke, ju mara iliyopita walituambia majina hayasomeki.

Wa Likasi wanaenda kupeleka zao Jumatatu. Sisi wa hapa tunakutana Jumanne saa mbili ya asubuhi mbele ya ofisi ya guvernere, barua ya kuwajulisha imeshapelekwa na tuko na kopi yenye muhuri. Mukuje na kitambulisho, maji ya kunywa, na musije na mawe wala chupa. Wa pikipiki, muegeshe upande wa pili. Na mama wa ndizi, kama yuko hapa, tunamwomba tuonane naye kidogo baada ya mkutano, tumepata parasoli.